Kosa la Kukwepa Maendeleo

Kuna nchi moja haina haja ya kutajwa jina, kwa kuwa wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wana shida zao za kutosha. Katika nchi hiyo pikipiki mpya ikitoka dukani husemwa iko uchi.

Ni pikipiki ndogo, ya mtu anayeanza maisha, injini nyembamba, siti ngumu, na zote zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Kijana hawezi kuipeleka kijiweni vivyo hivyo. Akithubutu, wenzake watamzunguka na kuulizana kwa upole, "Jamani, nguo za mwenzetu bado hazijakauka?" Kwa hiyo huipitisha kwanza mtaa wa Misumari, kwa Sikudhani, ikavalishwe.

Sikudhani alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyeweza kukaa chini hata wakati wa kula. Alikula akizunguka pikipiki ya mtu, sahani mkononi, akiipima kwa macho kama fundi cherehani anavyompima bibi harusi. Alirefusha siti na kuishona kwa ngozi nyekundu ya bandia. Alichora chui kwenye madigadi. Alipinda bomba la moshi likatazama juu kama tarumbeta. Na kila alipotaka kuwasha mashine ya kuchomelea alisali kwanza, sala fupi, kuomba kwamba atakachokiunga kisimwachie mtu barabarani. Wateja walishazoea. Walivua kofia, wakangoja amina, kisha wakaendelea kubishana naye juu ya rangi.

Pikipiki aliyoivalisha kwa moyo wake wote ilikuwa ya mdogo wake, Fikirini. Fikirini alipoteza usikivu utotoni, baada ya homa kali, na sasa alikuwa anabeba abiria. Pikipiki yake ilijaa vioo kiasi kwamba watu waliiita Saluni. Wageni walidhani ni mapambo. Sikudhani alijua kila kioo kina kazi yake: kimoja cha malori, kimoja cha magari madogo yanayopenya, kimoja cha vichochoro vya kushoto, na kimoja kidogo cha mviringo kilichoelekezwa mdomoni mwa abiria, ili Fikirini amsome. Abiria akisema kata kulia, Fikirini alikata kulia. Abiria akimsengenya, Fikirini alimshusha hapo hapo, hata kama kuna matope.

Nchi ilitawaliwa na Mtukufu Mtangulizi. Siku moja Mtukufu alishuka kwenye ndege akiwa amelala vibaya, shingo imekakamaa. Mwandishi wa habari aliyekuwa upande wa pili akamwomba ageuke kidogo apigwe picha. Shingo ilikataa. Mtukufu akasema kwa maumivu, "Mimi siangalii nyuma."

Alikuwa anazungumzia shingo. Lakini asubuhi yake maneno hayo yalikuwa kwenye magazeti yote kwa herufi kubwa, na kabla ya adhuhuri ilikuwepo Wizara ya Mwendo, yenye Waziri, Mheshimiwa Ngwali, na Naibu wake, Mheshimiwa Vuai. Shingo ilipona. Wizara ikabaki.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Ngwali redioni, kwa sauti ya mtu anayekula kitu kitamu, "neno maendeleo limetokana na kuendelea. Kuendelea ni kwenda. Na kwenda, ndugu zangu, ni kwenda mbele, kwa sababu anayekwenda nyuma huyo anarudi, na kurudi si kwenda. Wizara imelifanyia utafiti jambo hili katika nchi rafiki, zenye hoteli nzuri, na imejiridhisha."

Mambo yakaanza kukimbia. Kila ofisi ilitobolewa mlango wa pili, ili anayeingia huku atokee kule. Aliyesahau mwavuli wake ndani alilazimika kuzunguka mji mzima na kupanga foleni upya, na wengine walifika wakakuta mwavuli umeshapandishwa cheo. Madereva walikatazwa gia ya kurudi nyuma. Walioingiza magari kwenye vichochoro visivyo na njia ya kutokea walihamishia familia zao huko huko. Vikao viliacha kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Shuleni, somo la historia likaanzia kesho. Hakuna aliyetulia. Watu walikwenda tu, hata waliokuwa wameshafika.

Wahalifu nao hawakufungwa tena. Waliendelezwa. Mtu akiendelezwa huwekwa kwenye barabara iliyonyooka kuelekea jangwani, akapewa kibuyu cha maji na kuambiwa nenda. Barabara yenyewe ilikuwa nzuri, ya lami, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, kwa kuwa kurudi kulikuwa kosa jingine.

Koplo Ubwa wa Wizara ya Mwendo alifika gereji asubuhi moja, akitembea haraka kama wote.

"Fundi, habari za kazi."

"Nzuri, afande. Karibu, ila usiegemee hapo, rangi mbichi."

Koplo alikuwa ameshaegemea. Alipojitoa, suruali yake ilibaki na mkia wa chui. Akajifanya hajali. Alikuwa anaitazama Saluni.

"Hivi vinavyong'aa ni nini?"

"Vioo, afande."

"Vya kutazamia nini?"

"Barabara."

"Barabara iko mbele, fundi. Mimi hapa nikitazama kioo hiki naona nini? Naona uso wangu. Na uso wangu uko wapi?"

Sikudhani aliangalia alikosimama Koplo. "Nyuma ya pikipiki, afande."

"Umesema mwenyewe." Koplo alitoa kalamu, akatafuta karatasi, akakosa, akaandika kiganjani. "Vioo vyote ving'olewe kabla ya sherehe za Siku ya Mbele. Nchi nzima. Jirani yako Chande alificha kimoja kwenye boksi la spana, akasema ni cha kunyolea. Ameendelezwa juzi."

Sikudhani alilijua hilo. Ndiyo maana wanaume wa mtaa mzima walikuwa wameanza kufuga ndevu.

"Afande, mdogo wangu hasikii. Honi ya lori hasikii, kelele za watu hasikii. Bila vioo atagongwa."

Koplo hakuwa mtu mbaya. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati, uso umekunjamana. "Akigongwa," alisema mwishowe, "atakuwa amegongwa akienda mbele. Serikali italitambua hilo."

Sikudhani aling'oa vioo kwa mikono yake, kimoja kimoja, na kila kimoja kilipotoka alijisikia kama anamfumba mdogo wake macho. Siku hiyo hiyo Fikirini alirudi na shati limechanika bega. Kitu fulani kilikuwa kimepita karibu naye, hakujua ni nini. Kesho yake alirudi anachechemea. Kugeuza shingo barabarani nako kulihesabiwa uchochezi, na kila njia panda alisimama askari wa kuangalia shingo.

Dada na mdogo wake walizungumza kwa mikono, na mikono ya Sikudhani siku hizo ilikuwa inagombana yenyewe.

Kaa nyumbani, ilisema mikono yake. Nitakulisha.

Fikirini alitikisa kichwa. Nikikaa nyumbani nitakuwa nimeshagongwa.

Sikudhani aliingia gereji, akaanza kupiga msasa tanki ambalo lilikuwa limeshapigwa msasa.

Kisha ikaja amri ya picha. Mheshimiwa Ngwali aligundua kwamba mwendeshaji pikipiki, akiwa peke yake barabarani, hana mtu wa kumfuata. Ni hatari kubwa. Anaweza kwenda anakotaka. Kwa hiyo kila pikipiki ifungwe picha ya Mtukufu Mtangulizi kwenye usukani, pale palipokuwa na vioo, na picha iwekewe kioo safi juu yake, maana kumwacha Mtukufu anyeshewe ni uhaini.

Picha zililetwa gereji zikiwa zimeshatiwa fremu. Mtukufu alikuwa amevaa koti jeusi, amekunja mikono. Sikudhani aliziegemeza ukutani na kuendelea kuzunguka na sahani yake ya wali. Alipopita mbele ya picha ya kwanza alisimama. Ndani ya koti jeusi la Mtukufu aliona kuku anakatiza uani.

Alitazama vizuri. Kuku yule hakuwa wa serikali. Alikuwa wake, tena yuko nyuma yake, anaparua karibu na pipa la maji.

Akaweka sahani chini. Hakuwa mtu wa hila, na jambo hilo lilimsumbua kuliko Koplo Ubwa. Alipiga magoti kati ya spana na makopo ya rangi, akaomba aoneshwe kama anachokifikiria ni uongo. Alingoja sana. Hakupata jibu, ila kuku alikatiza tena kotini, polepole, akageuka, akamtazama.

Sikudhani aliinuka na kwenda jikoni kukwangua masizi chini ya sufuria.

Alipomaliza kazi yake, koti la Mtukufu lilikuwa jeusi kama kisima, na mandhari iliyokuwa nyuma yake nayo imekuwa nyeusi, akabaki uso tu, kwa mbali, kama mtu anayechungulia usiku. Mbele ya weusi huo, kioo kilionesha kila kitu. Kwenye usukani wa Fikirini alifunga picha ya malori, picha ya magari yanayopenya na picha ya vichochoro. Kisha akatengeneza ndogo ya mviringo, Mtukufu akiwa kijana, akaielekeza mdomoni mwa abiria.

Koplo Ubwa alikuja kukagua. Aliinama mbele ya picha kwa muda.

"Mbona Mtukufu amekuwa mweusi hivi?"

"Ni koti, afande. Koti la heshima."

"Namwona kama anafanana na mimi."

"Redio inasema wananchi wote wanafanana naye."

Koplo aliona fahari. Akarekebisha kofia yake huku akitazama kifua cha Mtukufu, akatoa kipande cha mchicha kilichokwama kwenye meno, akapiga saluti na kuondoka.

Fikirini aliacha kurudi na mashati yaliyochanika, na kijiweni hawakuchelewa kujua sababu. Hakuna aliyelisema kwa mdomo. Walikuja tu gereji, mmoja mmoja, wamejaa uzalendo.

"Dada Siku, naomba Mtukufu wawili. Ukiweza, mmoja amtazame abiria wangu, kuna mama ananiibia ndizi."

"Mmoja hakutoshi?"

"Mmoja? Unataka waniite mpinzani?"

Pikipiki zikapendeza kuliko wakati wowote. Kijana mwenye picha moja alichekwa kama aliyekuja na pikipiki uchi. Wengine walizipanga kama petali za ua, wengine walimshusha Mtukufu hadi kwenye tairi la mbele. Redio ilitangaza kwamba mapenzi ya vijana kwa kiongozi wao yamevuka lengo, na Mheshimiwa Ngwali akaamua kwamba vijana hao ndio watakaotangulia kwenye maandamano ya Siku ya Mbele, wakiongozwa na yule mwenye picha nyingi zaidi.

Mwenye picha nyingi zaidi alikuwa Fikirini.

Siku ya Mbele ilifika, na Sikudhani alisimama chini ya mteremko wa Posta kati ya umati, hawezi kutuliza miguu. Juu ya mteremko ziliibuka pikipiki, safu kwa safu, zimevalishwa nyekundu na dhahabu, mdogo wake mbele kabisa. Nyuma yao lilikuja lori la Wizara, nalo limevalishwa kwa amri: maua ya karatasi, tarumbeta juu ya kabini, na jukwaa walilopanda viongozi. Mheshimiwa Ngwali alikuwa ameagiza breki za lori ziondolewe, kwa hoja kwamba breki ni mguu wa mtu anayepingana na safari.

Kwenye tambarare hoja hiyo ilisimama vizuri. Kwenye mteremko ilianza kukimbia. Lori liliongeza kasi. Mheshimiwa Ngwali alishika kipaza sauti na kutangaza kwamba sasa wananchi wanaona kwa macho yao. Waendeshaji waliokuwa mbele ya lori walimtazama Mtukufu kwa makini. Umati ulipiga kelele, lakini kwa Fikirini umati ulikuwa midomo iliyo wazi tu, kama siku zote za sherehe. Sikudhani naye alipiga kelele, akijua haina faida.

Fikirini alikuwa ameshaona. Aliinua mkono juu, akauelekeza kushoto kisha kulia, na pikipiki zote zikafunguka, hizi huku na hizi kule, kwa namna nzuri sana, kama pazia. Lori lilipita katikati na serikali yote ikishikilia jukwaa, likashuka mteremko, likavuka uwanja na kuingia kwenye lundo la mchanga wa mnara ambao ujenzi wake ulikuwa haujaanza. Umati ulishangilia, ukidhani ndivyo ilivyopangwa. Viongozi walitoka mchangani wazima, wakikung'uta masikio.

Kabla hawajamaliza kukung'uta, Fikirini alikuwa ameshakamatwa.

Tume ya Kuchunguza Ukwepaji iliketi katika chumba cha milango miwili. Meza ilikuwa karibu na mlango wa kuingilia, na Mheshimiwa Ngwali alikalia kiti kirefu cha mwenyekiti, chenye mto. Mheshimiwa Vuai alikaa pembeni yake kwenye kiti cha kawaida. Katikati ya chumba pikipiki ya Fikirini ilisimamishwa kama kielelezo, usukani umeelekea mlango wa kutokea. Fikirini alisimama ukutani, na Sikudhani kando yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumtafsiria. Koplo Ubwa alikuwa mlangoni na kibuyu cha maji.

Sikudhani alikitazama kibuyu kile, akasogea karibu zaidi na mdogo wake.

"Kijana," alisema Mheshimiwa Ngwali, "Maendeleo yalikuwa yanakuja nyuma yako. Ukayakwepa."

"Hakukwepa, mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Alipisha."

"Alijuaje kwamba kuna cha kupisha? Mwananchi mwema, asiyeangalia nyuma, angegongwa. Tungemzika kwa heshima zote. Muulize alijuaje."

Sikudhani alimuuliza. Fikirini alijibu kwa mikono mikubwa, iliyo wazi, bila kuficha kitu. Alikuwa hivyo tangu utoto. Sikudhani alisali kimoyomoyo, kisha akatafsiri neno kwa neno, kwa sababu hakujua kufanya vingine.

"Anasema alitazama picha ya Mtukufu, akaona."

"Akaona nini?"

"Serikali inakuja bila breki."

Karani aliweka kalamu mezani kama kitu cha moto. Mheshimiwa Vuai alikohoa, kwa adabu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, jambo hili linapimika. Njia nyoofu ni kwamba wewe mwenyewe, kwa mamlaka yako, ukae juu ya pikipiki na kuitazama picha. Ukiona vilivyo nyuma, basi ni kioo, na kijana aendelezwe leo hii. Ukimwona Mtukufu peke yake, hakuna aliyeangalia nyuma, na hakuna kosa."

"Hilo ni la dakika moja," alisema Mheshimiwa Ngwali, akainuka kwenye mto wake. Alikuwa bado ana mchanga sikioni, na hakuna mtu ndani ya chumba ambaye hakujua atakachosema. Koplo Ubwa alifungua mlango wa kutokea, tayari. Nje, barabara ilikuwa imenyooka.

Sikudhani alishika mkono wa mdogo wake. Fikirini alihitaji mikono yake ili aulize kinachoendelea, lakini dada hakuuachia.

Mheshimiwa Ngwali alipanda. Siti ilimpokea vizuri. Ilikuwa kazi ya Sikudhani. Akashika usukani, akainamia picha kubwa, ile ya malori, akavuta pumzi ya kutoa hukumu.

"Tume ione," alisema, "kwamba hiki ni—"

Akaishia hapo.

Sikudhani, kutoka ukutani, aliona alichokiona Waziri kiooni. Nyuma ya Waziri, Mheshimiwa Vuai alikuwa ameinuka bila haraka. Aliubonyeza mto wa kiti kirefu kwa kidole, kama mtu anayechagua embe. Akakaa. Akaegemea. Akavuta karibu kipaza sauti cha mwenyekiti, akatulia, akingoja Waziri wa Mwendo atamke mbele ya tume na karani wake kwamba amekwisha kuangalia nyuma.

Mheshimiwa Ngwali hakugeuka. Jasho lilimtoka chini ya sikio lenye mchanga.

"Vuai," aliita.

"Naam, mheshimiwa."

"Uko wapi?"

"Nipo nyuma yako, mheshimiwa. Kama siku zote."

Koplo Ubwa alihamisha kibuyu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mheshimiwa Ngwali alilamba midomo, akaendelea kutazama koti jeusi, akalitazama kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Nimemwona Mtukufu peke yake," alisema mwishowe, polepole. "Anapendeza. Kijana hana kosa. Aende."

Karani aliokota kalamu. Sikudhani aliuachia mkono wa mdogo wake, ndipo akaona kucha zake zimeacha alama juu yake. Alitaka kushukuru. Alichopata kukisema kilikuwa cha fundi.

"Na pikipiki, mheshimiwa? Ndiyo kazi yake."

Mheshimiwa Ngwali alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili. Alijaribu picha ya pembeni, ile ya vichochoro, kisha akarudi kwenye kubwa. Hakuonesha dalili ya kushuka.

"Iacheni kwanza," alisema. "Bado namtazama Mtukufu."

"Tazama tu, mheshimiwa, hatuna haraka," alisema Mheshimiwa Vuai, na kiti kirefu kikalia kidogo chini yake.